Kocha Hajui Umekula Nini

[Muziki wa kufungua kipindi. Unapanda, kisha unashuka taratibu.]

Ninazungumza nanyi kutoka Gisenyi, hapa Rubavu, kando ya Ziwa Kivu. Mazungumzo ya leo yanahusu mazoezi ya mwili, na zaidi yanahusu ushauri mbaya ambao baadhi ya makocha wa jimu wanawapa watu.

Najua kuna mzee hapo anatikisa kichwa. Anasema: huyu mtoto anatuletea habari za matajiri, sisi tunatafuta unga, yeye anatuambia habari za jimu. Nivumilie kidogo, mzee wangu. Ushauri huu umeshafika kambini, na utakapokwisha kunisikiliza utaona kwamba unagusa ule ule unga unaoutafuta.

Jumamosi au Jumapili asubuhi, ukisimama kwenye barabara ya kando ya ziwa hapa Gisenyi, utaona watu wanakimbia makundi kwa makundi. Wengine wana viatu vya michezo, wengine wameshika kandambili mkononi na wanakimbia peku kwenye mchanga. Kocha yuko mbele na filimbi yake, anahesabu kwa Kinyarwanda, Kifaransa na Kiswahili kwa pamoja. Ni jambo zuri. Nchi hii inapenda michezo ya pamoja. Kule Kigali, tangu mwaka 2016, kuna Jumapili ambazo barabara kadhaa zinafungwa kwa magari ili watu watembee na kukimbia.

Na kambini hatuko nyuma. Vijana wanachukua makopo mawili, wanayajaza saruji, wanayaunganisha kwa bomba la chuma, na jimu imefunguliwa. Tatizo haliko kwenye makopo. Tatizo liko kwenye maneno yanayokuja nayo. Kijana anakwenda mjini kutafuta kibarua, anapita kwenye ukumbi wa mazoezi, anamsikia kocha, anarudi kambini na maneno yale kama yalivyo. Mwingine anayaona kwenye simu. Jioni yanarudiwa mbele ya vijana ishirini, na kila mmoja anayafuata.

Tukumbuke jambo moja. Kununua filimbi hakuhitaji cheti. Mtu mwenye kifua kipana anaweza kuamka asubuhi akajiita kocha, na watu wakamwamini kwa sababu ya kifua chake. Lakini kifua chake kinaonyesha mwili wake yeye. Mwili wako haujui, na chakula ulichokula jana hakijui.

Basi tuchukue mashauri matano ninayoyasikia mara nyingi. Tuyapime moja baada ya jingine.

[Mlio mfupi wa kipindi.]

Ushauri wa kwanza: "Jifunge nailoni, utoke jasho, mafuta yatatoka."

Umewaona. Mtu anajizungushia mfuko wa plastiki tumboni, anavaa jaketi juu yake, anakimbia juani. Kocha anamwambia asinywe maji mpaka amalize. Akivua jaketi, fulana inachuruzika. Akipanda kwenye mizani, amepungua kilo moja. Anafurahi.

Ndugu msikilizaji, jasho ni maji na chumvi. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Ukitoa lita moja ya jasho, mizani itaonyesha kilo moja pungufu, na ukinywa maji ile kilo itarudi. Hakuna mafuta yaliyotoka hapo.

Mafuta ya mwili yanatokaje basi? Mwaka 2014 watafiti wawili wa Australia walifanya hesabu hiyo na kuichapisha katika jarida la waganga la Uingereza. Walionyesha kwamba mtu akipunguza kilo 10 za mafuta, kilo 8.4 zinatoka kwa njia ya pumzi, kama hewa ya kaboni, na kilo 1.6 zinatoka kama maji. Maana yake mafuta mengi unayatoa puani, kidogo kidogo, kwa siku nyingi, mwili unapotumia nguvu kuliko chakula unachoingiza. Mfuko wa plastiki hauna kazi yoyote katika hesabu hiyo.

Kazi yake ni nyingine: kuzuia mwili usipoe. Mwisho wa mwaka 1997, kule Marekani, vijana watatu wanamieleka wa vyuo vikuu walifariki katika muda wa kama mwezi mmoja. Wote walikuwa wanajaribu kupunguza uzito haraka kabla ya mashindano. Walifanya mazoezi kwenye joto kali, wamevaa nguo zisizopitisha hewa, na wamejinyima maji. Walikuwa vijana wenye nguvu, wenye makocha karibu. Baada ya vifo hivyo, mwaka 1998, chama cha michezo ya vyuo vya nchi hiyo kilipiga marufuku nguo hizo katika mieleka.

Kama mwili wa mwanamieleka mwenye nguvu ulishindwa, mwili wako uliokunywa chai ya rangi asubuhi utaweza? Kunywa maji safi kabla ya mazoezi, kunywa kidogo kidogo katikati, kunywa baadaye. Kichwa kikizunguka, jasho likikatika ghafla huku mwili unawaka moto, au mwenzako akianza kuongea maneno yasiyoeleweka, simamisheni mazoezi. Mpelekeni kivulini, mmwagieni maji mwilini, mumwite mhudumu wa afya mara moja.

[Mlio mfupi.]

Ushauri wa pili: "Nitakukata tumbo kwa wiki mbili."

Huu unawapata sana mama zetu na dada zetu. Kocha anaahidi kwamba ukilala chali ukainua miguu mara mia mbili kila siku, mafuta ya tumbo yatayeyuka. Mwingine hapa Rubavu atakuambia nenda ukakae kwenye maji moto ya Nyamyumba, yale yanayoitwa amashyuza, yatakuyeyushia kitambi.

Kuinua miguu kunaimarisha misuli ya tumbo, hilo ni kweli. Lakini mwili hauchomi mafuta mahali unapopaonyesha. Mwaka 1971 watafiti wa Marekani waliwapima wacheza tenisi. Mcheza tenisi anautumia mkono mmoja kwa miaka mingi kuliko mwingine. Kama mazoezi yangeyeyusha mafuta mahali pale pale, mkono ule ungekuwa na mafuta machache chini ya ngozi. Walikuta unene wa mafuta ni sawa kwenye mikono yote miwili. Misuli ndiyo iliyozidi upande mmoja.

Na maji moto? Yanapumzisha mwili uliochoka, na watu wengi wanakwenda kule kwa ajili hiyo. Lakini mafuta yaliyo chini ya ngozi yako si siagi kwenye kikaango. Angalia pia yale maji yanapochipuka, ni ya moto sana. Usimtumbukize mtoto kwa maneno ya kocha.

Mama uliyejifungua karibuni, wewe nikusemeshe peke yako. Tumbo lako halijaharibika. Limebeba mtu miezi tisa, nalo linahitaji muda. Ukiambiwa ujikaze kwa mkanda mpaka usipumue vizuri, au uanze mazoezi ya kuruka wiki ya pili, kataa. Anza kutembea taratibu. Na kabla ya mazoezi mazito muulize mkunga wa kituo cha afya, hasa kama ulijifungua kwa upasuaji.

[Mlio mfupi.]

Ushauri wa tatu: "Bila maumivu hakuna faida. Ukisimama wewe ni mwoga."

Hapa ndipo vijana wenzangu wanapoumia. Kocha anawapanga mstari, anasema kila mtu achuchumae na kuinuka mara mia. Aliyefika sitini anatetemeka, anapigiwa makofi aendelee. Aliyesimama anachekwa.

Maumivu kidogo ya misuli siku moja au mbili baada ya mazoezi mapya ni ya kawaida. Yanakwisha yenyewe. Lakini misuli ikilazimishwa kupita uwezo wake inaweza kupasuka vipande vidogo vidogo, na uchafu wake ukaingia kwenye damu. Damu inapita kwenye figo. Figo zinajaribu kuchuja, zinaziba. Dalili zake ni hizi: misuli inavimba na kuuma kupita kawaida, mwili unakosa nguvu, na mkojo unakuwa wa rangi nyeusi-nyeusi kama chai iliyokolea au kinywaji cha kola. Ukiona mkojo huo baada ya mazoezi, usingoje kesho. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, uwaambie ulifanya mazoezi gani.

Usidhani ni hadithi ya kutishia watoto. Januari mwaka 2011, katika Chuo Kikuu cha Iowa kule Marekani, wachezaji 13 wa timu ya mpira wa Kimarekani walilazwa hospitali kwa tatizo hili hili. Walikuwa wametoka kwenye mapumziko, wakarudishwa kwenye mazoezi makali, na zoezi mojawapo lilikuwa kuchuchumaa na kuinuka mara 100 na chuma mabegani. Walikuwa wanamichezo wa kazi hiyo. Walipona kwa sababu hospitali ilikuwa karibu na maji ya mishipani yalikuwepo.

Sasa turudi kambini. Kocha anahesabu zile mara mia zako. Je, anahesabu bidoni? Dada uliyepanga foleni bombani, ukabeba bidoni ya lita ishirini, ukapanda nayo mlima, ukarudi tena mara ya pili na ya tatu, umeshabeba kilo sitini kwa safari tatu kabla ya filimbi kupigwa. Kaka uliyeshinda ukipakia mawe au ukilima shamba la mtu, mgongo wako umeshafanya kazi ya siku. Mwili hauna daftari mbili, moja ya kazi na moja ya mazoezi. Yote yanaandikwa mahali pamoja. Kocha asiyekuuliza umefanya kazi gani leo anaanza kuhesabu kutoka katikati.

[Mlio mfupi. Muziki unapanda kwa sekunde kumi, unashuka.]

Ushauri wa nne: "Kuna unga na vidonge, bila hivyo hutapata mwili."

Ndugu zangu, naomba hapa msogee karibu.

Pesa ya chakula tunayopata kambini inatoka kwa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP. Hapa Rwanda, tangu mwaka 2021, inatolewa kwa makundi kulingana na hali ya familia. Si kila nyumba inapata sawa, na wapo wasiopata. Kwa hiyo kila faranga inayoingia nyumbani ina kazi yake kabla haijafika. Halafu kijana anaambiwa anunue kopo la unga wa protini, au anaambiwa kuna vidonge vya bei nafuu vinavyonenepesha.

Tuanze na unga. Protini ni kile kinachojenga misuli. Mtu mzima wa kawaida anahitaji kama gramu 0.83 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, ndivyo wataalamu wa lishe wa Umoja wa Mataifa walivyokadiria. Mtu wa kilo 60, basi, anahitaji kama gramu 50. Anayenyanyua vyuma kwa bidii anahitaji zaidi ya hapo. Ile protini ya kwenye kopo inatoka kwenye maziwa au soya. Haina muujiza. Kikombe kimoja cha maharagwe yaliyoiva kina kama gramu 15. Yai moja lina kama gramu 6. Na sambaza wetu wa Kivu, wale samaki wadogo walioletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, wakikaushwa wana protini nyingi sana kwa uzito mdogo. Bugari kwa maharagwe, sombe iliyotiwa sambaza, uji wenye unga wa soya: hicho ndicho chakula cha mtu wa mazoezi. Kama chungu hakina hivyo, kopo la kocha halitakisaidia chungu. Litakipunguzia.

Sasa vidonge. Hivi ni hatari kuliko unga. Katika nchi zetu, Kongo ikiwemo, watu wengi wanatumia dawa mbili kwa kunenepa. Ya kwanza ni siproheptadini. Hiyo ni dawa ya mzio, ya kuwashwa na mafua ya mzio. Inaongeza hamu ya kula, na inaleta usingizi mzito. Fikiria kijana aliyeimeza asubuhi, mchana anaendesha pikipiki au anapanda jukwaa la ujenzi. Fikiria pia jambo jingine: inakuongezea njaa. Mtu asiye na chakula cha kutosha ananunua njaa ya nini?

Ya pili ni deksametasoni, wengi huiita deksa. Hii ni dawa nzuri sana mikononi mwa mganga. Mwaka 2020, wakati wa korona, uchunguzi mkubwa wa Uingereza ulionyesha kwamba inapunguza vifo vya wagonjwa mahututi wanaopumua kwa oksijeni au mashine. Lakini mtu mzima wa afya akiila kila siku ili uso ujae, anachokipata si misuli. Ni maji na mafuta, uso unaviringika. Misuli yenyewe inalegea, mifupa inapungua nguvu, sukari na shinikizo la damu vinapanda, na mwili unapoteza uwezo wa kupambana na maradhi.

Na hapa sikilizeni vizuri, kwa sababu kuna mtu ambaye anaimeza sasa hivi. Ukiitumia deksa kwa muda mrefu, tezi zilizo juu ya figo zako zinaacha kutengeneza kile ambacho dawa inakuletea. Ukiikata ghafla, mwili unaweza kuanguka: udhaifu mkubwa, kutapika, presha kushuka, hata kifo. Kwa hiyo sikuambii uitupe leo. Nakuambia uende kituo cha afya na pakiti mkononi, useme ukweli, wakusaidie kuipunguza kwa utaratibu. Muganga ameshawaona wengi, hutakuwa wa kwanza.

Kanuni yake ni fupi. Kocha anafundisha kuchuchumaa na kuinuka. Siku anapofungua mfuko na kutoa vidonge, ameacha ukocha, amekuwa mwuza dawa asiye na duka. Muage kwa heshima, ondoka.

[Mlio mfupi.]

Ushauri wa tano: "Dawa za hospitali zinakurudisha nyuma. Acha, mazoezi yatakutibu."

Mzee aliyeniita mtoto pale mwanzo, hapa ni zamu yako. Kuna watu wazima wenye shinikizo la damu au kisukari wanaokwenda kwenye mazoezi ya asubuhi, nao wanaambiwa hivyo. Ni kweli mazoezi yanasaidia presha, na yanasaidia sukari. Lakini yanasaidia yakiwa pamoja na dawa, na anayepunguza dawa ni yule aliyekuandikia baada ya kukupima. Presha haina kelele. Unaweza kujisikia mwepesi kama kijana, kumbe imepanda.

Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge ana jambo jingine la kuangalia: mazoezi na njaa kwa pamoja vinaweza kushusha sukari mpaka akaanguka. Asikimbie na tumbo tupu kwa kuwa kocha amesema tumbo tupu linachoma mafuta. Na wale mnaotumia dawa za virusi vya Ukimwi au za kifua kikuu, dawa hizo hazina likizo. Hakuna zoezi duniani linalochukua nafasi yake.

Wenye homa pia wapumzike. Utasikia mtu anasema atatoa malaria kwa jasho. Malaria haitoki kwa jasho. Nenda ukapimwe.

[Muziki unapanda kidogo, unashuka.]

Sasa msije mkasema nimewakataza mazoezi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linasema mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mwendo wa kumtoa pumzi kidogo, na siku mbili au zaidi za mazoezi ya kuimarisha misuli. Watoto na vijana wa shule wapate kama dakika 60 kwa siku. Kutembea haraka kunahesabiwa. Kuchota maji kunahesabiwa. Kulima kunahesabiwa. Kucheza ngoma kanisani au harusini kunahesabiwa. Kwa hiyo mama anayechota maji na kulima kila siku ameshapita kiwango, anachohitaji ni kupumzika na kujinyoosha mgongo. Anayehitaji zaidi ni yule anayekaa siku nzima mlangoni kwa sababu hakuna kazi. Huyo mazoezi yatamsaidia mwili, yatamsaidia na usingizi, na mawazo yatapungua uzito. Wengi wetu tulivuka mpaka na mambo mazito kichwani, na kukimbia pamoja na wengine asubuhi ni dawa ya namna yake. Ndiyo maana sipendi kuona jambo hili zuri likiharibiwa na maneno mabaya.

Makocha wazuri wapo. Wengine ni wakimbizi wenzetu, wanatafuta riziki yao kwa haki. Utamtambuaje? Kocha mzuri anauliza kabla ya kuamuru. Anakuuliza una ugonjwa gani, unatumia dawa gani, una jeraha la zamani. Kati yetu wapo wenye vipande vya risasi mwilini na mifupa iliyounga vibaya, na kocha asiyeuliza atajuaje? Anakuuliza umekula nini leo na umefanya kazi gani. Anaanza na uzito mdogo, anaongeza wiki kwa wiki. Bidoni ya lita tano iliyojaa maji ni kilo tano, ya lita kumi ni kilo kumi. Hizo zinatosha kumwanzisha mtu yeyote. Anakuruhusu kunywa maji na kusimama unapochoka. Na anapoulizwa jambo asilolijua, anasema: hilo kamuulize muganga.

Waswahili wanasema akili za kuambiwa, changanya na zako. Basi kabla ya kufuata ushauri wa kocha yeyote, awe wa mjini, wa kambini au wa kwenye simu, jiulize maswali matatu. Je, ananijua, au anarudia maneno aliyomwambia kila mtu? Je, kuna kitu ananiuzia? Na akikosea, nani atalipa? Swali la tatu ndilo kubwa. Kocha akikosea, kesho atapiga filimbi yake kama kawaida. Figo ni zako. Pesa iliyokwenda kwenye vidonge ni ya watoto wako. Tuliondoka nyumbani tukaacha mashamba, ng'ombe na maduka. Mwili tulivuka nao. Usimkabidhi mtu ambaye hakukuuliza hata umekula nini.

Kwenu viongozi wa vikundi vya wasikilizaji, mkimaliza kusoma, jadilini maswali haya. La kwanza: ni ushauri gani wa mazoezi mmeusikia hapa kambini, nao unapita kwenye yale maswali matatu? La pili: vijana wanaonyanyua vyuma katika kijiji chenu wanaweza kukubaliana sheria gani za maji, mapumziko na uzito? La tatu: nani atazungumza na mhudumu wa afya wa jamii ili aje siku moja kuwapima presha kabla ya mazoezi?

Mpaka hapo nimefikia mwisho wa kipindi cha leo. Kunyweni maji, kuleni kilichopo, mjitunze.

[Muziki wa kufunga kipindi.]